Barafu Isiyoyeyuka Haijafanya Kazi

Hotuba kwa manahodha, wachuuzi wa samaki na mafundi wa friji, katika ufunguzi wa mafunzo ya kuhifadhi samaki kwa barafu

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU), manahodha na mabaharia, mama zetu wachuuzi, mafundi wa friji, na nyinyi vijana mnaosukuma mikokoteni ya barafu kabla ya adhana ya alfajiri: salaam alaykum, na habari za asubuhi.

Tumeombwa tuzungumzie barafu. Bei yake mnaijua kutushinda. Bonge gumu na bonge lililoanza kulegea mnalitambua kwa kuligonga tu. Tulilokuja nalo ni jambo moja, na likieleweka hesabu nyingine zote zinafuata. Bonge la barafu halihifadhi ubaridi kama mtungi unavyohifadhi maji. Bonge ni nafasi ya kumeza joto, na sehemu kubwa ya joto hilo hulimeza wakati linayeyuka. Kwa hiyo mtu akirudi kutoka baharini na bonge lake bado kavu juu ya samaki, akafurahi kwamba halijaisha, kwanza amshike samaki wa katikati ya boksi. Huenda akamkuta vuguvugu.

Tuanze na ndoo hizi mbili. Ya kwanza ina kilo 2 za maji yaliyopozwa hadi nyuzi sifuri. Ya pili ina kilo 2 za barafu iliyopondwa, nayo iko nyuzi sifuri. Kwa kipimajoto ndoo hizi ni sawasawa. Tunamimina lita 1 ya maji ya moto, nyuzi 80, katika kila ndoo, kisha tunakoroga. Ndoo ya kwanza inapanda hadi karibu nyuzi 27, kama maji ya bahari hapo nje. Ya pili inabaki sifuri. Kilichobadilika ni kwamba barafu imebaki karibu kilo 1, na kilo iliyotoweka imekuwa maji. Joto lote la ile lita limeingia ndani ya barafu, na kipimajoto hakikupanda.

Mwanasayansi wa Scotland, Joseph Black, alilifanyia kazi jambo hili mjini Glasgow katika miaka ya 1760. Joto hilo likaitwa joto fiche, kwa kuwa huingia bila kuonekana kwenye kipimajoto. Sababu iko katika mpangilio wa molekuli. Ndani ya barafu kila molekuli ya maji imeshikwa na jirani zake nne. Joto linaloingia huenda kuvunja mshikamano huo, na mpaka kazi hiyo iishe hakuna ziada ya kupandisha nyuzi. Ndiyo maana barafu inayoyeyuka hukaa sifuri saa nzima, au siku nzima, mpaka kipande cha mwisho kiishe.

Namba ni tatu, na tunaomba mziandike. Kilo 1 ya maji ikipanda nyuzi moja humeza kilojuli 4.2 (kilojuli ni kipimo cha kiasi cha joto). Kilo 1 ya barafu iliyo chini ya sifuri ikipanda nyuzi moja humeza kilojuli 2.1. Kilo 1 ya barafu ikiyeyuka yote humeza kilojuli 334. Angalieni ukubwa wa namba hiyo ya mwisho. Muuzaji akikwambia barafu yake imetoka nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa hiyo bei ni mara mbili, pigeni hesabu hapohapo: nyuzi 20 mara 2.1 ni kilojuli 42 juu ya zile 334. Hiyo ni nyongeza ya sehemu moja katika nane. Ni faida ya kweli, maana barafu kavu haishikani na hupimwa bila maji, ila haistahili bei maradufu.

Sasa tugeuze upande wa pili. Kama barafu humeza kilojuli 334 ikiyeyuka, maji nayo lazima yaachie kilojuli zilezile 334 ndipo yagande. Hapa ndipo friza nyingi za nyumbani husingiziwa ubovu. Mama amepanga pakiti za maji na za ukwaju saa kumi na mbili jioni, asubuhi anazikuta uji. Fundi anaitwa aongeze gesi. Kabla ya kumwita, hesabu ni hii: kilo 1 ya maji ya nyuzi 30 inatoa kilojuli 126 kufika sifuri, 334 kuganda, na kama 10 kushuka nyuzi 5 chini ya sifuri. Jumla 470. Friza linaloondoa joto kwa wastani wa wati 100 litahitaji saa 1 na dakika 18 kwa kila kilo. Usiku wa saa 12 ni kilo 9. Aliyeweka kilo 25 hana friza bovu, kaliwekea mzigo usio wake. Tena akifungua kila saa kuangalia kama zimeganda, anaingiza hewa ya joto yenye unyevu, na unyevu huo unaganda ukutani.

Yako mambo ya kusaidia. Maji yakae usiku kwenye mtungi kabla ya kuingia friza. Kila nyuzi moja iliyopungua ni kilojuli 4.2 ambazo kompresa haitazifanyia kazi. Pakiti zilazwe safu moja, ziguse ukuta wenye mabomba, zisirundikwe katikati. Utando mweupe wa ukutani ukizidi nusu sentimita, friza lizimwe, utando uyeyuke wenyewe au ukwanguliwe kwa kijiti cha mbao, maana umejaa hewa na unazuia joto kutoka. Kisu kisiguse ukuta huo kabisa. Tundu dogo kama ncha ya sindano linamwaga gesi yote.

Hapa huwa kuna mtu anauliza habari ya Erasto Mpemba, na ana haki ya kuuliza. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, aliona mchanganyiko wake wa maziwa uliowekwa ungali moto ukiganda kabla ya uliopoa. Alishikilia alichokiona, na mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, wakachapisha matokeo ya majaribio yao. Dunia nzima huliita jambo hilo kwa jina lake, na wanasayansi bado wanabishana lini hutokea na kwa nini. Kwa mwenye friza la biashara, hata hivyo, ushauri haubadiliki. Maji ya nyuzi 80 yana kilojuli 210 zaidi kwa kila kilo kuliko ya nyuzi 30, na joto hilo hulipiwa kwa umeme, tena huyeyusha vilivyoganda jirani yake.

Mawili mengine kuhusu kuganda, kwa kifupi. Maji safi yaliyotulia kwenye chupa yanaweza kushuka nyuzi 5 chini ya sifuri yakiwa bado maji. Ukiitikisa chupa, yanageuka uji mbele ya macho yako, na hapohapo yanapanda hadi sifuri. Hayawi barafu yote. Ni kama asilimia 6 tu iliyoganda, kwa kuwa joto fiche la sehemu hiyo linatosha kuwapandisha wenzake hadi sifuri. La pili, maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi. Chupa ya plastiki ijazwe hadi sehemu tisa katika kumi. Chupa ya kioo isiingie friza.

Kwenye mtambo wa mabonge mambo ni yaleyale kwa ukubwa wake. Makopo ya chuma yaliyojazwa maji hutumbukizwa kwenye bwawa la maji ya chumvi lililopozwa hadi kama nyuzi 10 chini ya sifuri. Barafu huanza kwenye kuta za kopo na kuelekea katikati, na kila ikinenepa joto la katikati linazidi kupata njia ndefu ya kutokea. Kwa hiyo unene ukiongezeka mara mbili, muda unaongezeka mara nne. Bonge la sentimita 15 huganda kwa saa 14 hivi. La sentimita 30 linataka zaidi ya siku mbili. Kiwanda kikiwa na haraka, hutoa mabonge yenye tumbo la maji. Mnunuzi apasue bonge moja kabla ya kupakia kumi. Moyo mweupe wa bonge ni hewa na chumvichumvi iliyosukumwa katikati wakati wa kuganda. Si kasoro kubwa. Kasoro kubwa ni maji machafu. Kuganda hakuui vijidudu vyote, vingi hulala tu vikisubiri barafu iyeyuke juu ya samaki au ndani ya glasi ya juisi. Barafu ya samaki itengenezwe kwa maji ya kunywa.

Sasa tufike kwenye boksi la samaki, maana ndilo lililotukusanya. Mali bila daftari huisha bila habari, na barafu ni mali. Tuchukue boksi lenye urefu wa mita 1, upana na kina sentimita 60, samaki kilo 100, safari ya siku mbili.

Deni la kwanza ni la samaki wenyewe. Kilo 1 ya samaki mbichi inatoa kama kilojuli 3.5 kwa kila nyuzi inayoshuka. Kutoka nyuzi 30 hadi sifuri, kilo 100 zinatoa kilojuli 10,500. Gawanya kwa 334: kilo 31 za barafu. Lazima ziyeyuke zote, na ziyeyuke mapema, katika saa za mwanzo baada ya samaki kutoka majini. Wapo wanaoweka barafu ya kilo 30 kwa samaki wa kilo 100 wakidhani inatosha kwa sababu samaki wamepoa. Wamepoa, kweli, na barafu imekwisha hapohapo.

Deni la pili ni la kuta. Boksi letu lina uso wa mita za mraba 3 na kidogo. Likiwa na povu gumu jeupe la unene wa sentimita 5 pande zote, kifuniko na kitako vikiwemo, na nje ni nyuzi 30, litayeyusha kama kilo 16 kwa siku. Boksi lilelile la ubao mtupu wa sentimita 2.5 litayeyusha kama kilo 80 kwa siku. Tunarudia: kilo 16, na kilo 80. Kwa siku mbili boksi la ubao linadai kilo 160 kabla samaki hawajapewa hata kipande. Fedha ya povu hurudi katika safari chache, na hakuna kifaa kingine kwenye boti kinachorudisha fedha haraka hivyo.

Deni la tatu ni la jua. Kifuniko cheusi kikipigwa na jua la mchana huweza kufika nyuzi 55 au 60, na upande huo wa boksi unapitisha joto maradufu. Kipakwe rangi nyeupe, kiwekewe kivuli. Juu yake litandazwe gunia la katani lililoloweshwa. Kilo 1 ya maji ikikauka kwenye gunia huchukua kama kilojuli 2,400, mara saba ya barafu ikiyeyuka, nayo ni maji ya bure. Gunia likikauka liloweshwe tena.

Jumlisheni sasa: kilo 31 za samaki, 32 za kuta kwa siku mbili, kama 10 zilizopotea kwenye mkokoteni na kwenye kufungua kifuniko, na 20 za akiba ili samaki wafike mnadani bado wamezungukwa na barafu. Tumefika 93. Kanuni ya kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, mnayoisikia kila mafunzo, imetoka kwenye hesabu ya namna hii. Siku zikizidi, barafu izidi.

Lakini kilo zinaweza kutimia na samaki wakaoza vilevile, kwa sababu ya upangaji. Bonge zima juu ya samaki linagusa samaki wawili watatu. Kati yake na wengine kuna hewa, na hewa haipitishi joto upesi. Bonge lipondwe vipande visivyozidi sentimita 2 hivi, visiwe na ncha kali za kuchana ngozi. Kitako kiwe na barafu ya unene wa sentimita 5 hadi 10, kisha safu moja ya samaki, kisha barafu, kisha samaki, na juu kabisa barafu nene kuliko zote, kwa kuwa maji yake ya nyuzi sifuri yatashuka yakiwaosha walio chini. Barafu iwekwe pia pembeni, kati ya samaki na ukuta, kwa maana joto linaingilia ukutani. Samaki wakubwa, kama jodari na nguru, watolewe matumbo na mashavu, na tumbo lijazwe barafu. Joto la katikati ya nyama nene hutoka polepole sana, na barafu ya tumboni inaifupisha njia hiyo.

Maji ya barafu yapewe njia. Tundu la kutolea maji liwe chini kabisa, na boksi liegemezwe kidogo upande huo. Maji yanayopita juu ya samaki yanapoza vizuri, hata kuliko barafu kavu, kwa kuwa yanagusa kila sehemu ya ngozi. Maji yaliyosimama na damu kwenye kitako ni kitalu cha bakteria, na samaki wa safu ya chini ndio watakaonuka kwanza. Tundu likiziba, bei ya samaki wa chini inaondoka nalo.

Kwa jodari, nguru na vibua jambo hili ni la afya kabla ya biashara. Samaki hao wakikaa katika joto, bakteria hutengeneza ndani ya nyama kemikali iitwayo histamini. Mlaji uso humwiva, kichwa humuuma, moyo humwenda mbio. Kupika hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, na hata kumgandisha samaki baadaye hakuiondoi. Kinga ni kumpoza mapema na kumweka karibu na sifuri muda wote.

Kwa vibua na samaki wadogo wengi, njia ya haraka zaidi ni pipa la maji ya bahari na barafu. Maji ya bahari huganda karibu nyuzi 1.9 chini ya sifuri, kwa hiyo mchanganyiko wake na barafu hushuka kidogo chini ya sifuri na unamkumbatia kila samaki. Kosa la kawaida ni kutia samaki kabla ya maji kupoa. Ndoo ya lita 20 ya maji ya bahari ya nyuzi 28 inakula kama kilo 7 za barafu kujipoza yenyewe tu. Pipa liandaliwe kabla ya nyavu kuvutwa, likorogwe, na barafu ionekane bado inaelea wakati wote.

Chumvi ya kuongeza juu ya barafu, hapana. Tunajua kwa nini watu huitia: chumvi na barafu kwa uwiano mzuri huweza kushuka hadi nyuzi 21 chini ya sifuri, na aisikirimu ya mashine ya mkono hutengenezwa hivyo. Kwa samaki fresh ni hasara mbili. Barafu inaisha haraka, na ngozi ya samaki inaganda huku katikati ni vuguvugu. Nyama ikiganda polepole, hasa kati ya nyuzi 1 na 5 chini ya sifuri, fuwele zake hukua kubwa na kuchana chembechembe. Ukimyeyusha, anatoa maji na nyama inalegea. Sababu hiyohiyo inamfanya samaki aliyegandishwa kwa kurundikwa kwenye friza la nyumbani awe hafifu kuliko aliyepozwa vizuri kwa barafu siku hiyohiyo. Na aliyekwisha kugandishwa, barafu ya kawaida haitamweka mgumu safarini. Yenyewe iko sifuri, yeye anaanza kuyeyuka kabla ya sifuri.

Umeme ukikatika, ulikute friza limejaa. Chupa za maji zilizoganda, kilo 10 kwa jumla, zina nafasi ya kilojuli 3,340. Kama kuta za friza zinapitisha wati 50, hizo ni saa 18, kwa sharti la kutofungua.

Mtu asidhani kuzuia joto kwa vitu vya kawaida ni jambo dogo. Mwaka 1833 meli ya mfanyabiashara wa Marekani, Frederic Tudor, ilibeba tani 180 hivi za barafu iliyokatwa kwenye maziwa na mabwawa ya huko kutoka Boston hadi Calcutta, miezi minne baharini, ikavuka ikweta mara mbili, na zaidi ya nusu ikafika. Hakukuwa na kompresa wala gesi; mabonge makubwa yalibanana, na vitu vya kawaida vya kuzuia joto vikayazunguka. Mabonge yaliyobanana yana uso mdogo wa kupokea joto, kwa hiyo pondeni barafu wakati wa kupanga samaki. Usiku wa kuamkia safari ikae bonge zima, imefunikwa na maranda makavu.

Kabla ya chai tutafanya jambo moja la vitendo. Kipimajoto kinachodanganya kwa nyuzi 3 ni kibaya kuliko kutokuwa nacho. Kila mwenye nacho akilete mezani. Tutajaza kikombe barafu iliyopondwa, tutie maji safi mpaka nafasi zote zijae, tukoroge, tuzamishe ncha katikati bila kugusa kitako, tusubiri dakika 3. Barafu na maji vikiwa pamoja ni sifuri. Kinachosoma zaidi au pungufu tutakibandika karatasi yenye tofauti yake, halafu tuanze na samaki wa katikati ya boksi lililopo pale kivulini, lililofungwa tangu saa kumi na mbili asubuhi.